Helmeti, mpira na chembe zisizoonekana

Kwenye maduka ya Malindi, mwendesha bodaboda anayenunua helmeti huigonga kwa kidole. Ikitoa mlio mkavu, husema hii ngumu, haivunjiki. Mlio huo unampa habari za ugumu tu. Polistirini tupu, yaani plastiki ya aina hiyo isiyotiwa mpira, ni ngumu, lakini ukiiangusha sakafuni hupasuka, maana ufa ukishaanza hakuna cha kuuzuia. Ndiyo maana ABS, plastiki ya magamba ya helmeti nyingi, ina chembe za mpira ndani.

Basi mpira mwingi zaidi ndio bora? Dhana hii ndiyo inayopotosha kuliko zote. Polistirini iliyotiwa mpira, inayotumika kwa kuta za ndani za friji, kwa kawaida ina mpira wa asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito wake. Kiwandani mpira huyeyushwa ndani ya stirini, kimiminika kinachotengenezewa polistirini, kisha stirini hugeuzwa kuwa polistirini huku mchanganyiko ukikorogwa. Mpira hujitenga kuwa chembe, na kila chembe hubaki imemeza vipande vya polistirini, kama komamanga na punje zake. Kwa hiyo mpira kidogo hujaza nafasi kubwa. Ukizidisha mpira ovyo, plastiki hulegea.

Wengine hudhani chembe zikisagika kabisa ndiyo afadhali. Kwa polistirini sivyo: zinazofaa ni za maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 1 hadi 5 hivi. Pigo likija, vijiufa vingi vidogo, vilivyoshikwa na nyuzi za plastiki, huanzia kwenye chembe na kuimeza nguvu yake. Chembe za jirani huvizuia visiwe ufa mmoja mkubwa. Chembe ndogo mno haziwezi kazi hiyo. ABS hutosheka na zilizo chini ya maikromita 1, na hiyo ni sababu mojawapo ya kung'aa kwake. Lakini lazima chembe ifungamane kikemia na plastiki inayoizunguka. Mpira uliochanganywa tu huachia.

Na plastiki haiozi, kwa hiyo helmeti ni ya maisha? Hapana, ndugu zangu. Mpira wa polibutadini, ndio wa chembe hizo, huharibiwa na jua pamoja na oksijeni. Chembe za juu hukakamaa, na ufa huanzia hapohapo. Helmeti inayoshinda juani juu ya pikipiki, ikipauka na kuwa kama ina chaki, ibadilishwe, hata kama haijawahi kuanguka.