Uskoti hakuna geti: namna ya kutembea na kuisoma nchi

Wageni ninaowaongoza wakitokea Afrika Mashariki huwa na maswali mawili siku ya kwanza. La kwanza: "Geti liko wapi?" Ndivyo tulivyozoea. Kilimanjaro, nilikoanzia kazi hii, hupandi bila kulipia, kujiandikisha na kuwa na kiongozi mwenye leseni. La pili huja tukishatembea bondeni asubuhi nzima bila kuona hata moshi wa jiko: "Kwani huku hawaishi watu?"

La geti ni jepesi. Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya ardhi mwaka 2003, na haki ya kupita ikaanza kutumika Februari 2005. Mtu yeyote, mwenyeji au mgeni, anaruhusiwa kutembea kwa miguu, kwenda kwa baiskeli au farasi, kupiga kasia na kulala kwenye hema karibu kila mahali, hata kwenye ardhi ya mtu binafsi. Hulipi chochote, huombi kibali. Unachodaiwa ni ustaarabu: usikaribie nyumba na bustani ya mtu, pita pembezoni mwa shamba lenye mazao, lango ulilolikuta limefungwa lifunge na la wazi liache wazi, takataka zako ondoka nazo. Magari na pikipiki hayamo kwenye haki hii. Pia kuna sehemu za kandokando ya ziwa Loch Lomond ambako kati ya Machi na Septemba hema ni kwa kibali tu, kwa sababu watu walizidisha.

Swali la pili ndilo lenye mambo. Karibu kila anayefika Nyanda za Juu (Highlands), yaani milima ya kaskazini ya Uskoti, hupiga picha na kuandika chini yake kwamba hii ni asili isiyoguswa. Imeguswa sana. Mabonde haya yalikuwa na watu, tena wengi, wanaozungumza Kigaeli, wakilima na kufuga ng'ombe wadogo weusi. Hati ya ardhi hawakuwa nayo. Ardhi ilikuwa ya mkuu wa ukoo, ambaye kwa desturi aliwalinda, nao wakamfuata vitani. Mwaka 1746 jeshi la Charles Edward Stuart, aliyedai ufalme na kufuatwa na koo nyingi za huku, lilipigwa Culloden, nje kidogo ya Inverness, na uhusiano ule wa kale, ambao tayari ulikuwa umeanza kulegea, ukakatika. Wakuu wa koo wakawa makabaila wenye nyumba Edinburgh na London, na wenye madeni ya kulingana na nyumba hizo. Mfugaji wa kondoo wa aina ya Cheviot alilipa kodi kubwa kuliko kijiji kizima. Basi vijiji vikaondolewa.

Jimbo la Sutherland ndiko jambo hili lilikofanywa kwa mpango mkubwa. Bonde la Strathnaver lilihamishwa 1814 na tena 1819, na paa zikachomwa ili watu wasirudi. Patrick Sellar, wakala wa mwenye ardhi, alishtakiwa Inverness mwaka 1816 kwa kusababisha vifo, akaachiwa huru. Na ni yeye huyo huyo aliyekuwa amekodishiwa sehemu ya bonde kwa ajili ya kondoo wake. Msomaji wa Laikipia au Loliondo hatahitaji maelezo marefu hapa. Waliofukuzwa walisukumwa pwani kwenye vishamba visivyotosha kulisha familia, ili walazimike kuvua. Wengine walipanda meli kwenda Kanada. Ukipita Golspie utaona juu ya kilima sanamu kubwa ya Duke wa kwanza wa Sutherland, mwenye ardhi huyo, imegeuzia uso baharini. Wapo wenyeji wanaotaka ing'olewe, wapo wanaosema ibaki ili watu waulize ni nani. Mimi niko upande wa pili, kwa sababu hunirahisishia kazi.

Alama za vijiji bado zipo, ila ni za kutafuta. Jua likiwa chini, tazama mteremko unaoelekea kusini. Utaona michirizi sambamba kwenye nyasi, kila mmoja upana wa hatua moja au mbili: ni matuta yaliyolimwa kwa mkono. Panapokuwa na duara la majani mabichi katikati ya mlima wa rangi ya kahawia, palitiwa samadi miaka na miaka. Kangaga hupenda udongo mkavu wenye kina, kwa hiyo likijazana mahali pamoja, mara nyingi chini yake palikuwa shamba. Nyumba yenyewe utaikuta ni mstatili wa mawe usiozidi goti, pembe zake zimeviringwa, mlango kwenye upande mrefu. Simama ndani uone sakafu inavyoteremka: watu waliishi upande wa juu na ng'ombe upande wa chini, ili uchafu utiririkie nje. Ukuta mrefu ulionyooka na zizi kubwa ni vya baadaye, vya kondoo, na mawe yake mara nyingi yalitolewa kwenye nyumba hizo hizo.

Nikiambiwa nichague mahali pawili tu, nitachagua Badbea na Croick. Badbea ni magofu juu ya majabali ya bahari, kaskazini ya Helmsdale, ambako familia zilizotolewa mabondeni zilipewa ardhi yenye upepo mkali kiasi kwamba, kama inavyosimuliwa, watoto na mifugo walifungwa kamba wasipeperushwe. Simama pale Februari utaiamini hadithi hiyo. Croick ni kanisa dogo mwisho wa barabara. Mei 1845 watu wa Glencalvie walijikinga makaburini kando ya kanisa hilo baada ya kufukuzwa, wakakwaruza maneno kwenye vioo vya dirisha kwa upande wa nje. Yanasomeka hadi leo. Sentensi moja inawaita watu wa Glencalvie kizazi kiovu. Maandishi ni ya Kiingereza, ingawa lugha yao ilikuwa Kigaeli, na wengi wanaamini waandishi waliona kufukuzwa kwao kuwa adhabu ya Mungu kwa dhambi zao. Wageni hutumia muda mrefu kwenye dirisha hilo kuliko kwenye ngome yoyote ninayowapeleka.

Kondoo nao hawakudumu. Sufu ya Australia na New Zealand ilishusha bei, na matajiri wakataka mahali pa kuwinda kulungu, hasa baada ya familia ya Malkia Victoria kununua Balmoral mwaka 1852. Kulungu hula miche, miti haioti tena, na hiyo ni sababu mojawapo ya milima kuwa na kipara. Siku hizi baadhi ya jamii zimerudishiwa usukani: wakulima wadogo wa Assynt walinunua ardhi yao 1993, na wakazi wa kisiwa cha Eigg wakanunua kisiwa chao 1997. Ile sheria ya 2003 iliyokufungulia njia wewe ndiyo iliyowapa vijiji haki ya kutangulia kununua ardhi inapouzwa.

Kuhusu kilt, ile sketi ya wanaume, na rangi za kila ukoo, mengi ni ya karne ya 19. Vazi hilo lilipigwa marufuku kwa wanaume wa milimani baada ya Culloden, marufuku ikafutwa 1782, na mwaka 1822 mwandishi Walter Scott akaandaa mapokezi ya Mfalme George IV jijini Edinburgh huku kila mkubwa akitakiwa kulivaa. Mabonde bado yalikuwa yakihamishwa. Vaa ukipenda, hakuna atakayenuna.

Utamaduni ulio hai utaukuta kwenye ukumbi wa kijiji, usiku wa ceilidh (tamka "keli"), yaani muziki na dansi. Kuna fidla, kodiani, chai na keki, na bibi wa miaka themanini atakayekushika mkono na kukuzungusha mpaka ukose pumzi. Usikae ukutani, kutojua hatua si kisingizio. Haggis usiiogope: ni moyo, ini na mapafu ya kondoo na oti, vimepikwa ndani ya tumbo. Aliyekula mutura Nairobi ameshavuka mtihani huo, na kwa anayetafuta halali ipo isiyo na nyama. Kwenye kisiwa cha Lewis Jumapili huheshimiwa sana na maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunua chakula Jumamosi. Mji wake mkuu, Stornoway, una msikiti tangu 2018.

Neno kuhusu milima, kwa sababu Watanzania hudharau urefu wake. Kilele cha Ben Nevis kina mita 1,345, karibu kimo cha Arusha mjini. Lakini tuko latitudo ya 57, ukungu huingia kwa dakika chache, theluji huweza kubaki hadi Juni, na hakuna mpagazi. Watu hufia pale. Beba ramani ya karatasi, dira na koti la mvua la kweli. Ukitaka kulala milimani bila hema kuna bothy, nyumba za mawe za zamani zisizo na umeme, maji wala mlinzi. Nyingi hutunzwa na chama cha kujitolea kilichoanza 1965. Ni bure, huwekei nafasi, unakuja na kuni zako, na koleo la kuchimbia shimo lililo mlangoni ndilo choo.

Njoo mwishoni mwa Aprili au Mei. Mvua huwa afadhali, jua huzama usiku, usubi haujaanza kuuma (Julai utakula chakula cha jioni ukitembea), na kangaga halijafunika magofu. Ndio wakati kondoo wanazaa, kwa hiyo wapitie mbali. Croick iko kilomita 16 hivi kutoka stesheni ya Ardgay, na hutapata basi. Kodi baiskeli Inverness upande nayo treni ya kaskazini, ila weka nafasi ya baiskeli mapema, kwa maana ni chache.