Kidoti cha bluu si bikoni

Juzi niliitwa Nkuhungu, hapa Dodoma, na mzee mmoja. Zege la msingi wa fensi limeshamwagwa upande mzima, jirani kasimama pale anadai kaingiliwa. "Mpimaji, mimi nimefuata simu," mzee akaniambia, akanionyesha kidoti cha bluu kwenye ramani ya simu yake. Lakini mpaka huonyeshwa na bikoni, alama inayosimikwa ardhini kwenye pembe za kiwanja. Hii ni mara ya tatu tangu masika, na inaniuma kuona watu wakivunja tofali walizonunua kwa shida.

Dhana: simu ikionyesha uko ndani ya kiwanja, mpaka umeshaujua.

Ukweli: simu nzuri, mahali peupe, inakosea kama mita 5. Chini ya mwarobaini au kando ya ghorofa inakosea zaidi, maana mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta kwanza ndipo yaifikie. Kwenye kiwanja cha upana wa mita 20, hiyo ni robo nzima! Kidoti kinatulia kwa kuwa programu imekituliza. Tazama lile duara linalokizunguka: huenda uko popote humo ndani, na pengine hata nje yake kidogo. Chombo chetu kinafikia sentimita kwa sababu kinasahihishwa papo hapo na kingine tulichokisimika juu ya alama inayojulikana.

Wengine huchukua koordineti (namba zinazotaja mahali) za ramani ya upimaji wakaziingiza kwenye simu. Hapo ndipo balaa. Ramani zetu nyingi, hasa za zamani, zinahesabu namba hizo kwa mfumo uitwao Arc 1960, simu inatumia mwingine, WGS84. Tofauti yake ni karibu mita 300. Mtu anakuja analia kwamba kiwanja kimeuzwa mara mbili, kumbe alisimama mtaa mwingine. Halafu kuna kanda, vile vipande ambavyo dunia imegawanywa kwenye ramani, kila kimoja na hesabu yake ya namba: Dodoma mjini tuko kanda ya 36, ukifika Kongwa ni ya 37. Ukikosea kanda, kiwanja cha Nzuguni kinaangukia Bahari ya Hindi.

Kabla hujachimba, mwite mpimaji afufue mipaka, yaani atafute bikoni na kukuonyesha upya mpaka ulipo. Gharama yake haifikii ya ukuta wa kuvunjwa.

Dhana nyingine: "GPS, ule mfumo wa setilaiti unaoijulisha simu ilipo, inakula bando." Hapana. Inayokula bando ni picha ya ramani. Ipakue mapema, utaitumia hadi Kondoa bila intaneti.

Na hii: "Setilaiti inaniona." Haikuoni. Iko kilomita 20,000 juu, inatangaza saa na mahali ilipo, simu inasikiliza setilaiti nne au zaidi na kupiga hesabu. Anayejua ulipo ni programu uliyoiruhusu, na mtandao wako kupitia minara, hata ukizima lokesheni.

Simu ni ya kukufikisha, na kwa hilo naipenda sana. Lori la mchanga linafika Nala bila kupiga simu kumi, na gari la wagonjwa halizunguki usiku likiulizia nyumba yenye geti jekundu. Mtumieni mgeni lokesheni, tafadhali.

Yule mzee, bikoni yake tuliikuta chini ya udongo kidogo tu, hatua nne kutoka kwenye zege.