Filamu Ipi Imeuza Zaidi? Hesabu Tiketi Kabla ya Dola

Kila filamu mpya inapovunja rekodi ya mapato, sisi tunaotunza kumbukumbu za sinema huulizwa swali lile lile: je, hii ndiyo iliyotazamwa na watu wengi kuliko zote? Mara nyingi jibu ni hapana. Rekodi inayotangazwa ni ya fedha, na thamani ya fedha haitulii.

Tazama Marekani. Gone with the Wind ilizinduliwa Desemba 1939, tiketi ya sinema ikiwa wastani wa takriban senti 23. Avengers: Endgame ilitoka 2019, wastani ukiwa dola 9.16. Katika kumbi za Marekani na Kanada, ile ya kwanza imeingiza takriban dola milioni 200 tangu izaliwe. Ya pili, dola milioni 858. Ukisoma juu juu, filamu ya 2019 imeipita mwenzake mara nne. Sasa gawanya milioni 858 kwa 9.16: unapata tiketi kama milioni 94. Ile ya 1939 inakadiriwa kuuza zaidi ya milioni 200. Kibao kimegeuka.

Lakini usiharakishe. Ukigawanya dola milioni 200 kwa senti 23 utapata tiketi karibu milioni 870, na hesabu hiyo ni potofu kabisa. Filamu hiyo ilirudishwa ukumbini mara nyingi, ikiwemo 1947, 1954, 1961 na 1967, na kila mara bei ilikuwa nyingine. Hata ilipoanza, viti vyake viliuzwa ghali kuliko kawaida. Kuna mtego mwingine unaoniudhi zaidi: taarifa nyingi za zamani ziliandika fungu la msambazaji tu, baada ya wenye kumbi kukata chao. Anayeliweka fungu hilo kando ya mauzo kamili ya leo anaipunja filamu ya zamani bila kujua.

Mazingira nayo yamebadilika. Mwaka 1939 aliyeitaka filamu aliifuata ukumbini, au aliikosa. Leo wengi huisubiri wiki chache waitazame kwenye simu. Kwa upande mwingine, filamu ya leo hufunguliwa katika nchi nyingi ndani ya wiki ile ile, na soko la China pekee linaweza kubadilisha orodha: Machi 2021 Avatar ilirudishwa huko na ikalitwaa tena taji la dunia kutoka kwa Endgame.

Kwa maoni yangu, Ufaransa wamechagua njia iliyo safi zaidi: huko mafanikio ya filamu hutajwa kwa idadi ya watazamaji. Titanic ililipiwa kwa faranga mwaka 1998, Bienvenue chez les Ch'tis kwa euro mwaka 2008. Zote mbili zilivuka watazamaji milioni 20, na hakuna aliyelazimika kubadilisha fedha ili kuzilinganisha.