Je, wajua kwamba iodini huyeyuka?

Weka punje chache za iodini kwenye chombo cha kioo kilicho wazi, kisha uzipashe moto taratibu. Ni fuwele nyeusi zenye mng'ao wa kijivu, karibu kama metali. Punde si punde mvuke wa zambarau unapanda, fuwele zinapungua, na mwishowe chombo kinabaki kikavu bila tone hata moja kuonekana. Ndiyo maana wengi tulitoka darasani tukiamini kwamba iodini haiyeyuki, bali hutoka yabisi ikawa gesi moja kwa moja. Niliamini hivyo kwa miaka mingi, na hata nikamfundisha mwenzangu vivyo hivyo. Si kweli.

Iodini huyeyuka kwenye nyuzi 113.7 za Selsiasi na huchemka kwenye 184.3. Katikati ya hapo, kwa nyuzi 70 nzima, ni kimiminika. Linalonistaajabisha zaidi ni hili: klorini hubaki kimiminika kwa nyuzi kama 67, bromini 66, na florini 32 tu. Katika halojeni hizi nne, yaani elementi za familia moja, ile inayosingiziwa kwamba haina umiminika ndiyo yenye nafasi pana kuliko zote.

Macho hudanganywa na mambo mawili. Kwanza, iodini hutoa mvuke mwingi hata kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo punje chache kwenye chombo wazi zinaweza kuisha kabla joto halijafika 113.7. Kuruka huko kutoka yabisi hadi gesi kupo kweli. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois, akitia asidi ya salfuri kwenye masalia ya majivu ya mwani, aliona mvuke wa zambarau ukiganda kuwa fuwele nyeusi, na hivyo ndivyo iodini ilivyogunduliwa. Pili, kimiminika chenyewe ni cheusi kama fuwele zake, na mvuke hukificha.

Ukifunika chombo na kukipasha haraka, mvuke unakosa pa kwenda. Pembe za fuwele zinalainika, halafu kinatokea kidimbwi cheusi kinachotembea ukiinamisha chombo. (Mvuke huo unachoma macho na koo, hivyo kazi hii ni ya maabara yenye kivuta hewa.) Inayostahili sifa ya kutoyeyuka ni barafu kavu: kaboni dioksidi haiwi kimiminika mpaka kanieneo lizidi mara tano lile la hewa ya kawaida. Iodini inatosheka na karibu moja ya nane ya kanieneo la hewa ya kawaida.

Sasa, kwa nini mvuke hutoka mapema hivyo? Fikiria ukumbi uliojaa watu wawili wawili. Kila jozi imeshikana mikono barabara, lakini jozi na jozi zinagusana mabega tu. Joto dogo linatosha kutenganisha mabega, wala haligusi mikono. Anayetoka mlangoni hutoka na mwenzake, na ule mvuke wa zambarau ni jozi hizo hizo, molekuli za atomu mbili mbili.

Mguso wa mabega unatokana na elektroni. Molekuli ya florini ina elektroni 18, ya iodini ina 106, na nyingi kati ya hizo ziko mbali na viini, zimeshikwa kwa ulegevu. Tikisa maji kwenye karai pana, kisha kwenye kikombe chembamba: ya karai ndiyo yanayoyumba. Elektroni zikiyumbia upande mmoja, upande wa pili unabaki na chaji chanya kidogo, na elektroni za molekuli jirani zinavutwa kuelekea huko. Kwa hiyo, katika joto la chumba, florini na klorini ni gesi, bromini ni kimiminika, iodini ni yabisi. Mara nyingi husemwa kuwa sababu ni uzito. Uzito kweli unaongezeka sambamba, ila mvuto unatoka kwenye elektroni hizo zinazoyumba.

Kwa mwelekeo huo, astatini, inayofuata chini ya iodini kwenye jedwali la elementi, ingepaswa kuyeyuka kwenye joto la juu zaidi. Lakini isotopu yake (aina ya atomu zake) inayodumu kuliko zote hupungua nusu kwa saa 8 hivi, na bonge la astatini la kuonekana kwa macho halijawahi kupatikana. Kiwango chake cha kuyeyuka kinachoandikwa kwenye majedwali ni makadirio.