Waliokuwapo Fez Kabla ya 1492

Wiki iliyopita, tukiwa ndani ya sinagogi ya Ibn Danan mjini Fez, mgeni mmoja aliwafafanulia wenzake, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, kwamba Wayahudi wa Moroko ni Wahispania waliofukuzwa kwao mwaka 1492. Kauli hiyo huisikia karibu katika kila ziara ninayoiongoza, na kwa kawaida huimeza pamoja na chai ya mnanaa. Safari hii imenishinda.

Ni kweli kwamba waliofukuzwa walifika Fez kwa wingi, na kwa Kiebrania wakaitwa megorashim, yaani waliofukuzwa. Lakini jina hilo lilihitajika kwa sababu tayari palikuwa na watu wengine wa kutofautishwa nao: toshavim, yaani wakazi. Mellah, yaani mtaa wa Wayahudi, tunaoutembea asubuhi ulianzishwa mwaka 1438, miaka 54 kabla ya ile amri ya Hispania. Sijui wanaoshikilia 1492 wanadhani ulijengewa nani. Na katika magofu ya mji wa Kirumi wa Volubilis, kaskazini mwa Meknes, kumepatikana jiwe la kaburi la Matrona, binti wa rabi Yehuda, lililoandikwa kwa Kiebrania.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kwa karne kadhaa elimu ilisafiri kuelekea upande wa pili, kutoka Fez kwenda Hispania. Dunash ben Labrat, mzaliwa wa Fez wa karne ya 10, ndiye aliyeingiza arudhi ya Kiarabu, yaani kanuni za mizani, katika ushairi wa Kiebrania, na ushairi wa Kiyahudi wa Andalusia, ambao wageni wangu huusifu sana, ukajengwa juu ya mizani hiyo. Isaac Alfasi, ambaye nisba yake, yaani “wa Fez”, haihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa pwani, alifundisha Fez hadi mwaka 1088, kisha akavuka bahari akiwa na umri wa takriban miaka 75 na kuwa mwalimu mkuu wa sheria ya Kiyahudi huko Lucena, Hispania.

Basi wenyeji hawa hawakuwapokea wageni wa 1492 kama wanafunzi wanaompokea mwalimu. Waligombana, na waligombana juu ya nyama. Mnyama akishachinjwa, mapafu yake hukaguliwa, na pafu lililogandamana na ubavu hutia shaka. Megorashim waliruhusu pafu la namna hiyo lipulizwe: lisipovujisha hewa, nyama ni halali. Toshavim walikataa kabisa, na kwao nyama hiyo ilikuwa haramu hata pafu likivuviwa mara kumi. Ugomvi huo uliendelea kwa miaka mingi katika karne ya 16, hadi desturi ya wageni ikashinda. Ninapowasimamisha watu mbele ya bucha na kuwaeleza haya, wengine hunitazama kama niliyepotea njia. Lakini hakuna jiwe wala mlango unaoonyesha jumuiya mbili ndani ya mtaa mmoja kwa uwazi kuliko pafu hilo. Toshavim walibaki na ibada yao katika sinagogi ya Slat al-Fassiyin, ambayo baadaye iliwahi kuwa karakana ya mazulia na ukumbi wa ndondi, kabla ya kukarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2013.

Makaburini hatukai sana: kaburi la Solica, msichana Myahudi wa Tangier aliyeuawa Fez mwaka 1834, na makaburi meupe yanayoteremka bondeni. Kuhusu jina la mellah, linalotokana na neno la Kiarabu la chumvi, naomba tuiache ile hadithi ya Wayahudi kutia chumvi vichwa vya waasi. Mahali hapo palikuwa na ardhi ya chumvi na paliitwa hivyo kabla ya mtaa wenyewe.

Penye shaka za kweli nitazikiri. Je, Wayahudi walihamishiwa karibu na kasri la sultani ili walindwe au ili watengwe? Wanahistoria hawajakubaliana, na mimi mwenyewe hubadili mawazo kutegemea mahali niliposimama: kwenye lango la kasri huona ulinzi, na kwenye vichochoro vyenye nyumba zilizobanana huona utengano. Mwaka 1912, mtaa ulipoporwa, wakazi walikimbilia katika viwanja vya kasri na kujihifadhi hata kwenye mazizi ya wanyama wa sultani, jambo ambalo mtu anaweza kulitumia kutetea jibu lolote kati ya hayo mawili.

Alasiri tunamalizia katika mji mkongwe, kwenye nyumba ya saa ya maji inayoitwa nyumba ya Maimonides, mwanafalsafa wa Kiyahudi. Kwamba aliishi Fez katika miaka ya 1160 ni jambo la hakika. Saa hiyo, hata hivyo, ilijengwa mwaka 1357, naye alifariki mwaka 1204. Huyasema haya kila mara, kisha huchukua simu za wageni na kuwapiga picha mbele ya nyumba hiyo.