Miguu ya Sukari Isiyouma: Maswali Tunayoulizwa Chumba cha Vidonda

Sista, neva ni nini hasa?
Ni mishipa ya fahamu, ndiyo inayoharibiwa na ugonjwa wa sukari mpaka miguu ikaacha kuuma. Haipitishi damu, inapitisha taarifa. Imeundwa na nyuzi za seli za neva. Seli hiyo ina mwili wenye kiini, vijitawi vya kupokea taarifa, na uzi mrefu wa kuisafirisha uitwao aksoni. Uzi unaoleta habari kutoka kidole gumba cha mguu unapanda mpaka karibu na uti wa mgongo, kiunoni: takriban mita 1 kwa mtu mzima, na ni mwembamba kuliko unywele.

Eti zinatumia umeme?
Ndiyo, ila si wa TANESCO. Kinachotembea ni chembe za chumvi zenye chaji. Seli ikitulia, sodiamu imejaa nje, potasiamu ndani, na ndani kuna chaji hasi, tofauti ya milivolti 70 hivi. Ukikanyaga msumari, vilango kwenye utando wa uzi vinafunguka, sodiamu inaingia, chaji inageuka. Kisha potasiamu inatoka na pale panatulia. Yote hayo huchukua kama milisekunde 1, na tayari sehemu ya jirani imeamka. Mwisho wa uzi humwagika kemikali ya kuamsha seli inayofuata, hadi ubongoni.

Baadhi ya nyuzi zimevikwa mafuta ya mailini kama waya ulivyovikwa plastiki, na zenye kasi zaidi hufika mita 100 kwa sekunde. Nyuzi za maumivu ya kuunguza hazina gamba hilo. Zinakwenda kama mita 1 tu. Ndiyo maana ukijikwaa unasikia kishindo kwanza, uchungu unakuja baadaye.

Sukari inahusikaje?
Ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, inaharibu neva na vimishipa vya damu vinavyoilisha. Nyuzi ndefu ndizo zinaanza kufa, na ndefu kuliko zote zinaishia vidoleni. Basi shida inaanzia nyayoni, miguu yote miwili: inachoma, inawaka moto usiku, unatembea kama umekanyaga pamba. Pombe nayo inaharibu neva, lakini wanaojaza benchi letu ni watu wa sukari. Wengine wanajua wana sukari siku hiyo hiyo walipoletwa na kidonda.

Mwanzo iliwaka moto, sasa haiumi. Si nimepona?
Hapana. Moto ukizimika na ganzi ikabaki, hujapona. Uzi uliokuwa ukipiga kelele umekufa. Fumba macho, mwenzako akuguse vidole vya miguu taratibu, kimoja kimoja. Usipojua anapogusa, neva zimeharibika, hata kama unalala usingizi mzuri.

Kidonda chenyewe hakiumi. Haraka ya nini?
Haraka ni kwa sababu hakiumi! Mwenye neva nzima angechechemea, angepumzisha mguu. Wewe unapanda daladala, unasimama mpaka Mbagala, unakikanyagia kidonda siku nzima, na vijidudu vya maradhi vinashuka hadi mfupani. Kila wiki tunapokea mguu mweusi unaonuka, na maneno ni yale yale: "Hakikuwa kinauma." Kutouma si nafuu. Narudia, mama zangu na baba zangu: kwa mtu wa sukari, kidonda kisichouma ni cha kukimbizwa hospitali.

Nikiloweka maji ya moto na chumvi, damu itembee?
Acheni jamani. Ganzi hii haiondolewi na maji ya moto. Mguu usiosikia moto unaungua bila wewe kujua, na malengelenge unayaona kesho yake. Kukanda kwa chupa ya moto ni hivyo hivyo. Na huko kumwagia kidonda unga wa kapsuli za rangi mbili, majivu au dawa ya meno kunatupa sisi kazi ya kukwangua kabla hata hatujaona ukubwa wa kidonda.

Nyumbani nifanye nini?
Dhibiti sukari, meza dawa ulizoandikiwa. Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole. Macho yakikataa, mwite mjukuu. Pitisha mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, maana kijiwe hutakisikia. Usitembee peku, hata uani. Mwenye kuvua viatu msikitini avae soksi, sakafu ya jua la saa saba inaunguza. Sugu usikate kwa wembe. Mafuta paka, ila si katikati ya vidole. Ukienda kliniki ya sukari, iwe hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala hapa Dar, vua viatu uombe wakupime miguu hata wasipokuuliza.

Leo Ijumaa, ni lengelenge dogo tu. Jumatatu si inatosha?
Haitoshi. Lengelenge, mchubuko, wekundu, uvimbe wa mguu mmoja wenye joto, weusi au harufu: hospitali leo. Usilipasue. Lifunike kwa kitambaa safi, usikanyagie mguu huo, panda bajaji uje. Dharura hazifungwi Jumamosi na Jumapili.