Mashine ya IEBC haihesabu kura

Kwa miaka mingi Wakenya wengi wameamini kwamba anayedukua mashine za IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ameiba kura. Sivyo. Mashine yenyewe, yaani kifaa cha KIEMS, husoma alama ya kidole kumtambua mpiga kura, na usiku hupiga picha Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kituo, na kuituma. Basi. Kura ni karatasi: msimamizi wa kituo huikunjua, huiinua mawakala wa wagombea waione, hutaja jina. Matokeo huandikwa kwa mkono, mawakala hutia saini, nakala hubandikwa mlangoni.

Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa urais 2017, ilikosoa mno utumaji wa matokeo. Ndiyo maana nilifurahi 2022, picha za fomu zilipowekwa wazi mtandaoni: yeyote angeweza kuzilinganisha na karatasi ya mlangoni.